Maswali ya Wasomaji: Mbona ua la suzani limekatika katikati?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nilikuwa naangalia kwenye simu picha za makumbusho ya Victoria and Albert ya London nikakutana na vitambaa vikubwa vya Uzbekistan vinaitwa suzani, vimetariziwa maua mekundu mazuri mno, ila kwenye kimoja ua limekatika katikati, nusu iko juu nusu imeshuka, hata wekundu hauko sawa. Kilichanika kikashonwa vibaya? Na vilifikaje Ulaya? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Asante kwa kuangalia kwa makini hivyo. Hapana hakijachanika, suzani nyingi za zamani ndo zilivyo. Kitambaa cha pamba kilifumwa chembamba, yaani upana wake mdogo, kwa hiyo vipande vinne mpaka sita hivi vinashikizwa kwanza kwa uzi, anaitwa mama anayejua kuchora anachora nakshi yote, halafu wanafumua kila mtu anachukua kipande chake, mama, shangazi, dada, bi harusi mwenyewe, manake hivi vilikuwa vitu vya kuingia navyo kwa mume, vya kutandika kitandani na kutundika ukutani. Wakishatarizi kwa hariri ndo vinaunganishwa tena. Sasa huyu kavuta uzi sana, yule kalegeza, hariri ya mwingine imechovywa rangi siku nyingine, vikikutana ua linapishana. Mimi hapo ndo napapenda kuliko pote, kwa sababu majina ya wale wanawake karibu yote hayakuandikwa popote, ila kwenye ule mshono unaona kabisa mkono wa mmoja umeishia wapi na wa mwenzie umeanzia wapi.

Kufika Ulaya, Warusi waliteka miji ya huko Uzbekistan, Tashkent 1865 na Samarkand 1868, reli ikafika Samarkand 1888, basi wafanyabiashara na wakusanyaji wakamiminika. Samuil Dudin, mpiga picha na mkusanyaji kutoka Urusi, alizunguka huko 1900 mpaka 1902 akinunua vitu na kupiga picha, na alivyokusanya viko Makumbusho ya Ethnografia ya Urusi, St. Petersburg. Tatizo vitu vingi vilipewa jina la soko, mazulia ya Waturkmeni, watu wa jirani, yakaitwa ya mji wa Bukhara eti kwa vile yaliuzwa pale, na hilo linaniuma kwa sababu aliyefuma ndo anafutika.

Kwa hiyo ukiona suzani usiishie kwenye maelezo yaliyoandikwa chini yake, angalia nakshi yenyewe. Maduara mekundu mazito yaliyojaa mpaka weupe hauonekani, hizo ni za upande wa Tashkent. Za mji wa Nurata zinaacha weupe mwingi, katikati nyota, pembeni mashada ya maua.