Chuo ni bure, mwanangu, lakini nisikilize kwanza

Mwanangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Kidato cha sita umemaliza, kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, unaipiga, wenzako unawarekodi kwa kompyuta ya mama'ko, na sasa unataka kuja Ujerumani kusomea kurekodi sauti na akustika, yaani sayansi ya sauti, kama mjomba wako. Hapo nilifurahi. Kisha ukaongeza lile lililonichoma: mtaani wanasema huku chuo ni bure, ukiomba unapata, na mjomba anarekodi okestra. Nakujibu hadharani kwa sababu si wewe peke yako unayeniuliza.

Mimi sijarekodi okestra hata moja. Nafunga kengele za moto kwenye majengo. Na uvumi huo nimeuanzisha mwenyewe: bibi yako aliponiuliza mwaka 2019 nafanya kazi gani, nilimwambia "kazi ya sauti", naye akafurahi, akawaambia watu. Wakati huo nilikuwa kwenye kiwanda cha kujaza soda chupani.

Hilo la bure ni kweli nusu. Vyuo vikuu vingi vya serikali huku havitozi ada, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg, ambalo tangu 2017 linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Lakini kabla ya viza unatakiwa uoneshe fedha za kuishi mwaka mzima, umeziweka kwenye akaunti iliyofungwa, wenyewe wanaiita Sperrkonto, nawe unafunguliwa kidogo kidogo kila mwezi. Nilipokuja 2018 zilikuwa yuro 8,640. Tangu 2024 ni 11,904, yaani 992 kwa mwezi. Huyo anayekwambia bure akuhesabie hizo kwa shilingi.

Zangu unajua zilitoka wapi? Mama'ko alitoa zamu yake ya upatu. Babu yako aliuza kipande cha shamba. Bibi yako aliuza bangili zake nne za dhahabu. Ninayo rekodi niliyoichukua uani kabla sijasafiri, bibi anapepeta mchele na bangili zinalia mkononi. Ukisikiliza ile niliyoichukua likizo iliyofuata, ungo unasikika peke yake.

Nilikuja kwa kibali cha mwombaji wa chuo, miezi 9, roho yangu yote iko kwenye Tonmeister. Hiyo ndiyo shahada inayofunga muziki na fizikia pamoja. Chuo cha muziki cha mji wa Detmold wanaifundisha tangu 1949, na Berlin wanayo. Nafasi ni chache mno, na huingii kwa cheti tu. Unapiga ala yako mbele ya jopo, unapiga piano, unaandika muziki unaousikia, unajibu hesabu na fizikia, na yote kwa Kijerumani. Sikio langu limelelewa na rasti na bayati, zile maqamu za muziki wa Kiarabu tunazopigia taarabu. Walipobonyeza piano niandike nilichosikia, mimi nilikuwa natafuta sauti zilizo katikati ya funguo mbili, ambazo piano haina. Nilifeli. Sikuonewa, piano nilikuwa siijui, na kibali kilikuwa kinaisha, nikashika nafasi ya uhandisi wa umeme kwenye chuo kingine.

Sasa hapa ndipo sijawahi kumwambia mtu wa nyumbani.

Fedha za akaunti ziliisha. Mwanafunzi aliruhusiwa kufanya kazi siku 120 kamili kwa mwaka (sasa ni 140), nami nilizimaliza zote kiwandani, zamu ya usiku. Chupa za kioo zinakimbia juu ya mkanda, zinagongana usiku kucha, mpaka ukirudi kitandani bado zinagongana kichwani. Sheria ya huku inasema kelele ikifika desibeli 85 (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti) kuziba masikio ni lazima. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda ambao sikio linahimili unakatika nusu. Hesabu hiyo niliijua, wallahi. Viziba tulipewa, vya sponji, vya manjano. Lakini Kijerumani changu kilikuwa kibovu, na msimamizi alikuwa akisimama upande wangu wa kushoto akifoka maagizo. Nisipomwelewa alinishika bega akanigeuza kama mtoto wa chekechea, na wenzangu wakacheka. Kwa haya nikaanza kutoa kizibo cha kushoto ili nimsikie. Nikafanya hivyo miaka miwili.

Daktari wa masikio alinionesha mchoro. Sikio la kulia, mstari unakwenda sawa. La kushoto unakwenda sawa, ukifika kwenye sauti nyembamba, karibu na hezi 4,000, unatumbukia. Kelele za kazini ndipo zinapoanzia kula, na kilicholiwa hakirudi. Ile rekodi ya uani nikiisikiliza kwa kushoto, mchele naupata vizuri, bangili ni kama ziko chumba cha pili.

Zile yuro 100 nilizokuwa natuma kila mwezi zilitoka hapo. Mwezi mmoja zikawa 80, mama'ko akaniuliza mbona zimepungua. Sikumjibu. Simlaumu, kwani angejuaje?

Kwa hiyo usije. Soma uhandisi wa mawasiliano hapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha omba shahada ya pili. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin wana moja inayochanganya uhandisi wa sauti, muziki na sayansi ya kusikia. Utakuja mtu mzima, una fani mkononi.

Lakini nakujua, hutanisikia. Mimi nilimsikia nani? Basi kama unakuja, anza piano wiki hii. Kanuni yako usiiache, uje nayo, lakini piano kila siku, na mtu akubonyezee sauti mbili mbili wewe utaje umbali wake. Kijerumani ukimalize huko huko. Hilo nakwambia kwa uchungu: usipande ndege na Kijerumani cha salamu.

Kwenye barua ya maombi usiandike kwamba unapenda muziki tangu utotoni, wote wanaandika hivyo. Andika kuhusu ule ukumbi wa maulidi wenye bati juu na vigae chini, ambao kasida inasomwa na maneno hayashikiki. Nenda ukiwa mtupu, piga kofi, rekodi, hesabu sekunde mpaka sauti ife. Tandika mikeka, tundika kanga ukutani, piga tena. Kisha chukua ujazo wa ukumbi kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, gawa kwa eneo linalofyonza sauti, utapata sekunde, uone kama zinakubaliana na kofi lako. Hiyo ni hesabu ya Wallace Sabine, mwanafizikia wa Marekani. Mwaka 1895 alipewa ukumbi wa mihadhara wa Harvard ambao mhadhiri alikuwa haeleweki, akawa anahamisha mito ya viti usiku na kupima mwangwi. Wewe una mikeka. Inatosha kabisa, na ukinitumia vipimo nitavipitia nawe mstari kwa mstari.

Dhahabu ya mtu isiguswe. Fedha zisipotimia, subiri mwaka. Na ukifika zikakuishia usione haya, kochi langu lipo, kula tutakula. Kiwandani usiende. Ukilazimika kwenda, ziba yote mawili, na anayecheka acha acheke.

Bibi nimempigia jana kabla sijaandika haya, sikutaka ayasikie kwa watu. Nilimweleza kiwanda, nikamweleza sikio. Alinyamaza, nikasikia jogoo wa jirani. Kisha akaniuliza ni sikio gani. Nikamwambia la kushoto.

"Basi simu iweke kulia," akasema, akaanza kunisimulia habari za nyumbani.