Kodi ya programu (code) inapanda kama ngazi ukiipesti kwenye Vim

Mkuu nimekusoma, ukichapa mwenyewe mistari inakaa vizuri ila ukipesti kodi ya Python kwenye Vim (kihariri cha maandishi) kila mstari unazidi kusogea kulia mpaka inakuwa ngazi. Kodi yako haina shida. Vim inadhani unachapa kwa mkono, kwa hiyo `autoindent` (setingi ya kusogeza mstari mpya yenyewe) inabeba spesi za mstari wa juu, halafu kodi nayo inakuja na spesi zake, zinajumlishwa tu.

Kabla ya kupesti andika `:set paste`, bonyeza i, pesti, bonyeza Esc, alafu `:set nopaste`. Hiyo ya mwisho mi niliwahi kuisahau, nusu siku nzima nalaumu setingi zangu kumbe `paste` imezima `autoindent` na mimi ndiye niliyeiacha!

Pia kwenye Python achana na `smartindent` (setingi nyingine ya kusogeza mistari), ile ni ya lugha za mtindo wa C, ukianza mstari na # inaurusha kushoto kabisa. Kwenye .vimrc (faili la setingi za Vim) weka `filetype plugin indent on` na `set expandtab shiftwidth=4 softtabstop=4`, maana PEP 8 (mwongozo wa uandishi wa Python) inataka spesi 4. Kama faili ina Tab zilizojificha piga `:set list`, zitaonekana kama ^I, zisafishe kwa `:retab`.

Ila usikimbilie `gg=G` aisee, inapanga upya faili zima na ikibahatisha vibaya mstari unatoka nje ya `if` bila eroo yoyote, weka kopi kwanza. Na Makefile (faili la amri za `make`) usiitie expandtab, ile inayogeuza Tab kuwa spesi, yenyewe inadai Tab halisi.