Vidole vya mama na kipimo cha sukari

Pole dada, na mama mfikishie shikamoo yangu. Umesema anapima sukari mara mbili kwa siku, na sasa akiiona mashine tu anaficha mikono. Namwelewa, mimi huu ni mwaka wa tisa najipima sukari.

Kwanza, anatoboa wapi? Wengi wetu tulianza kwa kutoboa katikati ya ncha ya kidole, pale pale tunapochambulia mchele, na ndipo panapouma zaidi. Atoboe ubavuni mwa ncha, na abadilishe vidole.

Kile kikalamu cha kutobolea kina namba za kina. Aanze na 1 au 2, apandishe damu isipotoka. Kisindano kiwe kipya kila mara, maana kikirudiwa kinakuwa butu. Kwenye boksi la visindano utaona 28, 30 au 33: namba ikiwa kubwa, kisindano ni chembamba. Mimi nilidhani ni kinyume, nikajitesa miezi.

Anawe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akauke vizuri, kisha aning'inize mkono damu ishuke. Asiminye ncha, akamue taratibu kuanzia chini ya kidole. Spiriti anaweza kuiacha maana inakausha ngozi, lakini kunawa asiache: siku moja nilimenya embe nikapima 17, nikanawa nikarudia, ikaja 8!

Kama anatumia vidonge tu, waulizeni kliniki iwapo anaweza kupunguziwa idadi ya kupima. Asijipunguzie mwenyewe. Kidole kikivimba au kutoa usaha, mpeleke siku hiyo hiyo.