Nyumba ya Grant, Galena: zawadi, si jengo lake

Umeuliza kama Ulysses Grant, jenerali wa Marekani aliyekuja kuwa rais, ndiye aliyejenga nyumba yake ya Galena kwa kutumia mafundi wa Kiitaliano. Hapana, Grant hakuijenga. Nyumba ile ya matofali pale Galena, Illinois, ilijengwa 1860 kwa ajili ya Alexander Jackson, aliyewahi kuwa karani wa mji. Mwaka huo Grant ndiyo kwanza alihamia Galena kufanya kazi kwenye duka la ngozi la baba yake, na alikuwa anakaa nyumba ya kupanga. Hela ya jumba angeitoa wapi? Alipewa Agosti 1865 aliporudi kutoka Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani akiwa shujaa: wafuasi wachache wa chama cha Republican wa hapo mjini waliinunua kwa dola 2,500 wakamkabidhi, fanicha ndani. Baada ya kuchaguliwa rais 1868 alikuwa anakuja hapo kwa vipindi tu.

Na hao "mafundi wa Kiitaliano" unaowataja, hapana pia. Kiitaliano ni jina la mtindo wa ujenzi tu, ulioingia Marekani kupitia Uingereza. Utautambua kwa paa lenye mteremko mdogo na upenu uliotokeza sana, chini yake vishikizo vya mbao vilivyochongwa. Vile vishikizo ndivyo vinavyonifurahisha mimi kuliko habari zote za urais!

Ila angalia usichanganye: ile nyumba aliyopanga kabla ya vita nayo iko Galena hapo hapo. Hii ya zawadi ndiyo watoto wake waliipa halmashauri ya mji 1904, na sasa iko chini ya jimbo la Illinois.