Kula vya msimu Dar sio mambo ya Masaki, ila usidanganyike na neno "kienyeji"

Mkuu umeuliza kama mtu wa mshahara wa kawaida hapa Dar anaweza kula vya hapahapa, vya msimu, vilivyolimwa bila madawa mengi, au hayo ni ya watu wa Masaki wanaonunua mboga kwenye pakiti zenye stika, na mwishoni ukagusia kuku wa kienyeji. Mi ndo mnunuzi wa chakula nyumbani kwetu, na mboga sinunui supamaketi, kwahiyo nakujibu kwa ninavyofanya.

Kwanza achana na stika, fuata bei. Kitu kikiwa kwenye msimu wake mjini hapa hakijifichi, malori yanashusha Buguruni na Mabibo, matoroli yanajaa mitaani, fungu linaongezeka na bei inashuka. Katikati ya mwaka, kuanzia wa sita hivi, ni machungwa ya Muheza, kuelekea mwisho wa mwaka yanaingia maembe na mananasi ya Kiwangwa. Sasa kinachonishangaza ni mtu anapita toroli la machungwa anasema haya bado mabichi ganda la kijani, anaenda kununua yale ya rangi yaliyokuja na meli, bei juu. Aisee ganda la chungwa linabadilika rangi kwa ubaridi wa usiku, na Muheza hakuna ubaridi wa hivyo, linaiva vizuri tu huku nje bado kijani. We lishike mkononi, zito lenye ganda laini na jembamba chukua, jepesi lenye ganda nene na vishimo vikubwa mrudishie mwenyewe.

Sasa nyanya, hapa ndo penye maneno. Masika sado ya nyanya inapaa na watu wanawatukana wauza genge bure. Mvua zikikaza ukungu unaingia shambani na unaweza kuunguza shamba zima ndani ya siku chache, kwahiyo mkulima anapuliza dawa ya ukungu, mvua inaiosha, anapuliza tena, na hapo bado kuna kantangaze, yule mdudu aliyeingia nchini 2014, anachimba jani mpaka linakuwa kama limechomwa na tunda analitoboa, naye ana dawa zake. Halafu bei sokoni ndo iko juu, we fikiria ni mkulima gani mwenye mkopo wa pembejeo atakaa asubiri siku zote zilizoandikwa kwenye chupa kati ya kupuliza na kuchuma. Ndo maana kipindi hicho unashika nyanya unakuta unga mweupe umeganda pale kwenye kikonyo, huo ni mabaki ya dawa. Ukiosha kwa maji yanayotiririka huku unasugua kwa vidole ya juu inatoka, iliyozama ndani ya tunda haitoki hata uloweke kwenye ndoo ya siki. Mi masika napunguza nyanya karibu ziishe jikoni, samaki anapikwa kwa ukwaju au ndimu na nazi, maharage yanaungwa na kitunguu na nazi basi, na hakuna aliyegoma kula. Kiangazi zikishuka bei nanunua nyingi, nachemsha, nasaga, nagandisha kwenye friza, na kama huna friza fuata tu msimu, hufi.

Ukinielewa kwenye nyanya utaona kwamba usiulize tu "hii inatoka wapi", uliza pia "hii ni ya kubembelezwa kwa dawa au inavumilia shida yenyewe". Kabichi ni ya kubembelezwa, viwavi wanaipenda kuliko sisi, bila dawa wengi hawavuni. Ila kisamvu jamani, nani anapulizia kisamvu? Matembele, majani ya kunde, majani ya maboga, mlenda, mnafu, hizi zinajitegemea zaidi, na matembele hata huhitaji mbegu, unachukua vile vijishina unavyotupa ukichambua majani unachomeka kwenye kiroba cha udongo nyuma ya nyumba, ukimwagia unachuma mpaka uchoke. Kisamvu tu kitwange vizuri na ukichemshe sana bila kufunika, maana kina sumu yake ya asili inayotoka kwa kutwangwa na kwa moto. Tui mwishoni.

Lakini hapa kuna mtego, na wengi wanaoongelea vya kienyeji wanapita bila kuusema. Kulimwa karibu sio kulimwa salama. Mchicha uliolimwa karibu nawe kuliko wote unaweza kuwa ndo mbaya kuliko wote, kama umemwagiliwa maji ya mto Msimbazi. Tangu 1999 kuna utafiti umechapishwa wa mboga zinazolimwa kando ya mto Sinza na Msimbazi, wakapima wakakuta metali nzito, risasi ikiwemo. Na risasi sio tope tu la juu, mmea unaweza kuinyonya, na iliyoingia ndani haitoki kwa kuosha. Wale vijana wa bustani siwalaumu, wanatafuta riziki na maji ni hayo yaliyopo, ila mi namuuliza muuza mboga swali moja tu, bustani inamwagiliwa maji gani? Mwenye kisima atakujibu haraka na atataka ukaone, anayeanza kuzunguka namwambia asante mama naomba dagaa.

Dagaa nao wana msimu, tena wa kila mwezi. Wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwaka taa hazina kazi, dagaa hawakusanyiki, mzigo unakuwa mdogo. Nunua wa giza, ule wakati wapo wengi, chagua wasio na mchanga wala harufu ya kuchacha, weka akiba ya kukuvusha mbalamwezi.

Nafaka na maharage ndo kwenye pesa halisi. Vikivunwa katikati ya mwaka bei inalegea, ukisubiri mpaka Januari ada za watoto zinakukuta na gunia limepanda. Tatizo ni fukusi, na watu wanakimbilia kuchanganya na dawa ya unga. Tafuta mifuko ya kinga njaa, ile yenye plastiki mbili ndani na kiroba nje, unatoa hewa unafunga kila tabaka peke yake kwa kamba, wadudu wanakosa hewa wanakufa humohumo bila dawa. Ila mzigo uwe mkavu. Kupima, tia maharage kidogo kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, tikisa, chumvi ikinata kwenye kioo rudisha juani.

Kuhusu stika uliyoiona, kama ni ile ya Kilimohai sio usanii, ni alama ya kilimo hai ya Afrika Mashariki, ipo tangu 2007, na vikundi vya wakulima wadogo huwa wanakaguana wenyewe kwa wenyewe ili gharama isiwaue. Kule Morogoro shirika la SAT (Sustainable Agriculture Tanzania) linafundisha wakulima mboji, matuta na dawa za mwarobaini, ukipita njia hiyo nunua viungo. Ila kwa mboga ya kila siku mi siisubiri.

Na kuku, maana uliuliza mwishoni. Wengi wanaouzwa kama wa kienyeji mjini ni chotara waliolelewa bandani kwa chakula cha kununua. Sio wabaya, ila usilipe bei ya kienyeji. Nunua aliye hai, angalia miguu, wa kienyeji ana miguu myembamba iliyokomaa na mwili mdogo kuliko umri wake, na ukimpika ndani ya nusu saa akawa laini ujue umeuziwa chotara.