Jibu: Wino kubanduka kwenye akriliki na bodi kugonga kichwa cha printa

Ndugu, umesema hapo Nasser Road, Kampala, wino wa UV (unaokaushwa kwa mwanga wa urujuanimno) unabanduka kwenye akriliki, ile plastiki ngumu kama kioo, na juzi bodi ya PVC, yaani ya plastiki, iligonga kichwa cha printa, sehemu inayorusha wino. Naanza na bodi, maana kichwa kikiharibika hasara yake ni kubwa mno.

Kichwa hupita takriban milimita 1.5 hadi 2 juu ya bidhaa, kwa hiyo mpindo mdogo tu unatosha kukigonga. Bodi zilazeni, msiziegemeze ukutani. Kabla ya kuchapa, pima pembe zote na katikati, kisha weka kimo cha kichwa kwa kufuata sehemu iliyoinuka zaidi. Unene aliokutajia muuzaji usiuamini. Matundu ya vakyumu (yanayofyonza bodi ishikane na meza ya printa) yasiyo na kazi yafunike, na kingo zinazonyanyuka zibane kwa tepu. Bodi ikikataa kulala, iache kabisa. Hakuna oda inayostahili kichwa kipya.

Kuhusu akriliki, wino huu haunyonywi, unashika juu ya uso tu. Alama ya kidole inatosha kuuzuia. Vaa glavu, bandua karatasi ya kinga dakika ya mwisho, tena polepole, kwani kuivuta kwa haraka huzalisha umemetuli unaovuta vumbi na kupotosha matone ya wino. Futa kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, subiri ikauke.

Kioo halisi kwa kawaida huhitaji praima, dawa inayopakwa kwanza ili wino ushike. Chapa kipande cha majaribio, kiache saa 24, bandika tepu uivute kwa nguvu; wino usipobanduka, ndipo uguse mali ya mteja.