Tazama kisiki kwanza

Insha yangu ya kwanza ya historia ya sanaa ilirudi na neno moja tu la kalamu nyekundu pembeni: "Shaba!" Nilikuwa nimejaza ukurasa mzima nikimsifu Myron, mchongaji wa Ugiriki ya kale, kwa jinsi alivyoilainisha marumaru ya Mrusha Kisahani. Kumbe Myron hakuigusa marumaru ile. Kazi yake ya karne ya 5 KK ilikuwa ya bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, na ilipotea zamani. Nilichokuwa nakitazama mimi ni nakala ya enzi ya Warumi, iliyochongwa mamia ya miaka baada ya Myron kuzikwa. Nilimwagia sifa mtu kwa kazi ya mikono ya mwingine.

Ninyi mnaoanza masomo haya mwaka huu mtaelekezwa usoni: pua iliyonyooka, utulivu, macho yasiyo na mboni. Uso uache kwanza. Shuka miguuni utafute kisiki.

Sanamu nyingi za wanaume wa Kigiriki zina kisiki cha mti kando ya mguu, na mgeni hudhani ni pambo, labda shujaa yuko msituni. Si pambo. Bronzi inamwagwa ikiwa na uwazi ndani, ni nyepesi, inavumilia kuvutwa. Mtu wa bronzi anaweza kusimama kwa kifundo kimoja na kunyoosha mikono yote miwili. Marumaru ni nzito na haipendi kuvutwa. Ukiinakili sanamu ile ile kwa jiwe, kifundo kitakatika. Basi fundi wa nakala anaacha kisiki kibebe uzito, na mahali pengine anaacha kijiti cha jiwe kati ya nyonga na mkono. Mtazame Mbeba Mkuki wa Polykleitos, mchongaji mwingine wa Kigiriki; yuko Naples, Italia, nakala yenye urefu wa mita 2.12 iliyofukuliwa Pompeii: kisiki kimegandana na mguu wa kulia, na kijiti kinatoka pajani hadi kwenye mkono. Ukishaviona hivyo viwili, jaribu kuviondoa akilini. Hapo ndipo unaanza kuiona sanamu ambayo Polykleitos aliitengeneza.

Za asili za bronzi ni chache kwa sababu bronzi kuukuu ina bei: ziliyeyushwa. Nyingi ya zile tulizo nazo ziliokolewa na bahari baada ya meli kuzama. Yule mungu wa Artemision, rasi ya Ugiriki, ambaye wataalamu bado wanabishana kama ni Zeu au Poseidoni, alitolewa majini mwaka 1926 hadi 1928. Amenyoosha mikono kama anarusha radi, na hana kisiki chochote. Mashujaa wawili wa Riace walionekana mwaka 1972 kwenye pwani ya Calabria, kusini mwa Italia. Mmoja wao ana meno ya fedha na midomo ya shaba nyekundu. Meno ya fedha! Nilipoyaona pichani mara ya kwanza ndipo nilipoelewa kwamba watu hawa hawakuwa na mpango wowote wa kutengeneza kitu cheupe na kimya.

Somo la pili ni la mwili wako mwenyewe. Funga mlango, simama mbele ya kioo. Mguu wa kushoto mbele, magoti yamenyooka, mikono ubavuni, ngumi umefumba, uzito sawa kwa miguu yote miwili. Huyo ni kijana wa karne ya 6 KK, mfano yule wa marumaru ya kisiwa cha Naxos aliyeko New York. Mkao huo Wagiriki waliuchukua Misri, ila wao walimvua nguo na kulitoa jiwe lililokuwa limebaki kati ya mkono na mwili. Kaa hivyo dakika mbili. Utachoka.

Sasa legeza goti la kulia, uzito wote uhamie kushoto, kama mtu aliyeingoja daladala nusu saa. Nyonga ya kushoto imepanda yenyewe, hukuiamuru. Hicho ndicho kilichotokea Athens karibu na mwaka 480 KK, katika sanamu ndogo iitwayo Kijana wa Kritios, iliyoko Makumbusho ya Akropoli. Nyonga moja imepanda na kichwa kimegeuka kidogo, basi. Polykleitos alikuja baadaye akalipeleka jambo hilo mbali zaidi: nyonga ikipanda upande huu, bega la upande huo linashuka, na mkono unaofanya kazi unakuwa mkabala na mguu unaofanya kazi. Aliandika hata kitabu cha vipimo, kikapotea nacho. Vitabu vyenu vina neno la Kiitaliano kwa mkao huu. Mtalikariri kwa ajili ya mtihani, lakini goti lako limeshakufundisha.

Kuhusu rangi, nitawapa sanamu moja tu badala ya hotuba. Mwaka 1972, huko Merenda karibu na Athens, alifukuliwa Phrasikleia, msichana wa marumaru wa karne ya 6 KK, kazi ya Aristion wa Paros. Kwa sababu sanamu hiyo ilifukiwa ardhini mapema, rangi ilibaki: gauni jekundu lenye nakshi. Maandishi ya msingi wake yanasema ataitwa mwali daima, kwa kuwa badala ya ndoa miungu imempa jina hilo. Ni kaburi la binti aliyekufa kabla ya kuolewa, na wakamvika. Weupe mnaousoma vitabuni umetokana na mvua, udongo na brashi za wasafishaji. Wakati wa kazi ya 1937 na 1938 ndani ya Makumbusho ya Uingereza, marumaru za Parthenon, hekalu la kale la Athens, zilikwanguliwa kwa vyombo vya shaba ili ziwe nyeupe zaidi. Muda mrefu kabla ya hapo, katika karne ya 18, waandishi kama Winckelmann walikuwa wameshaufanya weupe kuwa kipimo cha uzuri, na tumebebeshwa kipimo hicho hadi leo.

Mtaulizwa pia kuhusu ushawishi. Tafadhali msiandike kwamba sanaa ya Kigiriki iliathiri dunia nzima. Sentensi hiyo haina kazi. Chukua kitu kimoja kinachoshikika ukifuate. Mimi nilifuata mikunjo ya nguo hadi Gandhara, upande wa Peshawar katika Pakistan ya leo, ambako Buddha amejitanda shuka lenye mikunjo ambayo mchongaji wa Ugiriki au Roma angeitambua mara moja.

Mkifika London, kuingia Makumbusho ya Uingereza ni bure. Anzeni kwa Mrusha Kisahani aliyepatikana Tivoli mwaka 1791. Tazameni shingo: kichwa kimeungwa, na kimeungwa vibaya. Anatazama mbele chini, wakati nakala nyingine iliyopatikana Roma miaka kumi kabla inaonyesha alikuwa amegeuka kukiangalia kisahani chake. Kisiki pia kipo, nadhani hamhitaji kuelekezwa.

Halafu nendeni kwenye miungu ya kike waliokuwa kwenye paa la Parthenon, na mpite nyuma yao. Mikunjo ya nguo imechongwa hadi mgongoni, upande uliokuwa umeelekea ukutani, juu kabisa, ambako aliyesimama chini asingeweza kuuona. Chukueni kiti cha kukunja na penseli laini. Nyuma kule watu hawajazani, na unaweza kuchora saa nzima bila mtu kukuomba usogee apige picha.